Mwenyekiti Alisikia Neno Moja

Ndugu yangu, hii nimeletewa na mtu ambaye naye aliletewa. Ukiamua kuipitisha kwa mwingine, ifikishe kwanza mwisho wewe mwenyewe, maana anayeishia katikati atadhani ni habari ya simu tu.

Kulikuwa na mwenyekiti wa wakulima wa mpunga, jina lake Tarsisi Kihwelo. Alikuwa mchapakazi, mtu wa kuamka mapema, na wakulima wa bonde lile walimchagua kila uchaguzi ulipofika bila kubishana sana.

Kazi zake zilikuwa nyingi, lakini moja ilizizidi zote.

Juu kabisa ya bonde kulikuwa na banio, yaani mahali mto ulipozuiwa kwa ukuta na mageti ya chuma ili maji yaingie kwenye mifereji ya mashamba. Kwa sababu ya banio hilo, huku chini mto wenyewe ulikuwa mkavu wakati wa mavuno. Ulibaki mchanga mtupu, safi, wenye upepo mzuri. Wakulima walitandika maturubai yao palepale mtoni, wakapiga mpunga na kuupepeta.

Lakini mvua ikinyesha milimani, mageti lazima yafunguliwe, la sivyo ukuta unabomoka. Mageti yakifunguliwa, maji yanashuka kwa njia yake ya zamani, juu ya ule mchanga.

Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Mlinzi wa banio, Mzee Yustino Lulandala, alimpigia simu mwenyekiti kabla ya kufungua. Mwenyekiti alikimbia ghalani na kugonga rimu la gari lililoning'inizwa pale kama kengele. Watu wakisikia, wanabeba mpunga wao na kupanda ukingoni. Muda ulikuwa unatosha. Tangu utaratibu huo uanze, mto haukuwahi kuchukua mpunga wa mtu.

Wakati huo mwenyekiti alitumia simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi. Mfuniko wa betri ulishikiliwa na mpira. Namba tano ilikuwa imefutika. Lakini simu ile ilikuwa na sauti. Akiipokea shambani, hata aliye tuta la pili alisikia anachoambiwa, na ikichajiwa leo, inasahaulika hadi wiki nyingine.

Siku moja aliitwa kwenye kikao wilayani. Wenyeviti wenzake kutoka mabonde mengine walikuwa wameweka simu zao juu ya meza, pana, nyembamba, zinang'aa. Katikati ya hotuba, kitochi cha Kihwelo kikaita mfukoni. Kikaita kwa nguvu zake zote.

"Nani kaja na redio?" mtu mmoja akauliza.

Ukumbi ukacheka. Hata mgeni rasmi alitabasamu. Kihwelo aliizima simu akiwa ameuficha mkono chini ya meza, na uso wake ulibaki wa moto hadi kikao kilipokwisha. Chai ilipoletwa hakunywa. Aliogopa simu isije ikaita tena mbele ya watu wale.

Juma lile lile aliuza dume lake la ng'ombe, akapanda gari hadi mjini.

Muuzaji wa simu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno.

"Hii ina kamera tatu nyuma na moja mbele," alimwambia. "Inafunguka kwa kukuangalia usoni. Inahesabu hatua zako, inapima mapigo ya moyo. Ukiongea Kiswahili inakuandikia Kichina."

"Mimi nitaongea na Mchina gani?"

"Huwezi kujua, mzee wangu. Dunia inabadilika."

Kihwelo aliuliza kuhusu kamera. Aliuliza kama inavumilia maji, na kama ipo yenye rangi ya dhahabu. Aliuliza inaingiza picha ngapi. Hakuuliza kama mtu akimpigia atamsikia. Kijana naye hakuligusa hilo, kwa kuwa hakuulizwa.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Mwenyekiti alipiga picha harusi, ubatizo, mahindi yaliyoshika vizuri. Aliwaonyesha watu sura zao zikiwa na masikio ya paka, wakacheka hadi wakakaa chini. Kikao kilichofuata wilayani aliiweka juu ya meza, na hakuna aliyesema neno.

Lakini nyumbani mambo hayakwenda hivyo.

Mnara wa mtandao ulikuwa nyuma ya kilima. Kitochi kilikuwa kinapambana na kupata kamstari kake kamoja, na hako kalitosha. Simu mpya ilikuwa inatafuta mtandao mkubwa usiokuwepo. Ikiukosa inahangaika, inapoteza hata ule mdogo. Mtu akipiga, sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Na simu ilipata joto, na kufika mchana chaji ilikuwa inaelekea kwisha. Kidole kikiwa na jasho au vumbi la mpunga, kioo hakikukubali. Unavuta kupokea, yenyewe inakata.

"Mtandao leo mbaya," mwenyekiti aliwaambia watu. Kesho yake aliwaambia hivyo hivyo.

Mzee Lulandala ndiye aliyemwambia wazi. Alishuka siku moja kununua chumvi, akapita kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, siku hizi nikikupigia naona kama hunisikii. Ile simu yako ya kwanza iko wapi?"

"Hii ni mpya, mzee wangu. Bado naizoea."

"Sawa. Ila mvua za milimani haziko mbali."

"Usiwe na wasiwasi. Hii simu hata hali ya hewa inaonyesha."

Mkewe, Semeni, alisubiri mzee aondoke, ndipo akasema naye.

"Baba Shukuru, kwa nini usirudishe laini kwenye kitochi? Hii kubwa ukabaki nayo kwa picha."

"Nitembee na simu mbili kama wakala? Watu watanionaje?"

"Watakuona unapokea simu."

Kihwelo alinyanyuka na kwenda kuangalia ng'ombe.

Mavuno yakafika. Mwaka ule mpunga ulijaa vizuri sana, na mchanga wa mto ulifunikwa na maturubai ya bluu na ya kijani hadi kwenye kona ya mto. Miongoni mwa waliokuwa pale alikuwa Bi Atupele, mama mjane aliyekodi shamba kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki. Wenzake walimsaidia kupiga, na mchana ule mpunga wake wote ulikuwa umelala juu ya turubai, umepepetwa, unasubiri kutiwa kwenye viroba.

Huku bondeni jua lilikuwa kali. Huko milimani kulikuwa kumefunga mawingu meusi, lakini ni mbali, na watu walikuwa kazini.

Wanawake wakaanza kuimba. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, nyungo zinapanda na kushuka kwa pamoja, makapi yanaruka na upepo. Palikuwa pazuri. Mwenyekiti akatoa simu yake na kuanza kurekodi. Alitaka video ile aipeleke wilayani, waone bonde lake.

Simu ikaita. Juu ya kioo likajitokeza jina la Lulandala, likaficha kichwa cha muimbishaji.

Kihwelo akalisukuma jina lile pembeni kwa kidole, likaondoka. Akaendelea kurekodi.

Baada ya muda mfupi ikaita tena. Safari hii alisitisha video akajaribu kupokea. Kidole kilikuwa na jasho. Alivuta mara ya kwanza haikukubali, akafuta kidole kwenye suruali, akavuta tena.

"Haloo. Haloo, mzee."

Ilikuja sauti kama ya mtungini. Ikakatika, ikarudi. Katika kelele zile alilisikia neno moja: "maji." Kisha simu ikanyamaza, na kioo kikaandika kwamba simu imepata joto, ipumzishwe.

Mwenyekiti alisimama akiwa ameishika.

Neno hilo alilisikia. Lakini mlinzi wa banio kila siku anaongelea maji. Pengine kuna mtu amelalamikia zamu yake ya kumwagilia. Pengine geti la mfereji limekwama. Kihwelo alijiambia hivyo, na alikuwa anataka iwe hivyo. Aliiweka simu kivulini chini ya kiroba ipoe, akaenda kunywa togwa aliyokaribishwa na wakulima. Alipanga kupiga jioni akifika nyumbani.

Kikombe cha tatu hakikuwa kimeisha. Walisikia kwanza mlio, kama lori linaloshuka mlima. Mtu wa kona ya juu akapiga yowe moja tu, kisha wakamwona anakimbia.

Maji yalikuja yakiwa mekundu, yamebeba magogo. Watu walishika watoto, wakaacha vyote vingine. Wengi walifika ukingoni wakiwa wamelowa hadi kiunoni. Maturubai yalinyanyuka yakakunjamana, na mpunga wa msimu mzima ukaenda na maji, wa kila mtu aliyekuwa pale.

Bi Atupele alikuwa ameshafika salama. Akageuka, akaona turubai lake limenasa kwenye jiwe, bado lina mpunga. Akarudi. Alishika pembe moja, na gogo likamgonga mguu. Wenzake walimvuta kwa kanga zilizounganishwa. Alipolazwa kwenye nyasi, mfupa wa mguu ulionekana umekaa vibaya, na mkononi bado alikuwa ameshika kipande cha turubai.

Kesho yake wakulima walikusanyika mbele ya ghala. Hakuna aliyekaa kwenye benchi, walisimama. Swali lilikuwa moja, na mwanamume mmoja akaliuliza kwa niaba ya wote.

"Mwenyekiti, Lulandala hakupiga?"

Kihwelo aliwatazama. Walikuwa na macho mekundu, wengine bado wana tope kwenye nguo. Kama angesema wakati ule, yangesemwa mengi, lakini yangekuwa ya kweli. Akakikumbuka kicheko cha wilayani, akaona kitakachofuata hapa kitakuwa zaidi ya kicheko.

"Simu yangu haikuita," alisema.

Aliposema hivyo, alisikia watu wakipumua. Walikuwa wamepata mtu wa kumkasirikia.

Mzee Lulandala aliitwa. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi.

"Nilipiga," alisema. "Nilipiga mara mbili. Nikasubiri kadiri nilivyoweza, ukuta ukaanza kutoa maji pembeni, nikafungua."

"Tuonyeshe."

Alitoa simu yake ndogo. Jina la mwenyekiti lilikuwepo kwenye namba alizopiga. Lakini simu ile ikitolewa betri ilikuwa inasahau siku, na tarehe iliyoonyesha ilikuwa ya mwaka mwingine kabisa. Wakaomba simu ya mwenyekiti. Kihwelo aliitoa bila kusita. Orodha ya waliompigia haikuwa na Lulandala. Alikuwa amelifuta jina hilo asubuhi, kabla hajanawa uso. Katika mambo yote ambayo simu ile iliweza kufanya, hilo ndilo ililofanya bila kukwama.

Mzee Lulandala aliangalia kioo kile kipana, kisha akamwangalia mwenyekiti. Alimwangalia kwa muda. Kihwelo alijifanya anafuta vumbi kwenye simu.

"Basi," mzee alisema. Akatoa funguo za mageti mfukoni, akaziweka juu ya benchi, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa mzee yule. Walisema alikuwa amelewa, na hakuwa mnywaji. Walisema alilala. Dukani alisubirishwa hadi wengine wote wahudumiwe. Kanisani, benchi alilokaa lilibaki na nafasi.

Mwenyekiti naye hakupata raha. Watu walimpa pole, na kila pole ilimchoma. Kwenye mazungumzo walisema, "Kama mwenyekiti angepigiwa tu, tungeokoka," naye anaitikia kwa kichwa. Chakula kilimshinda. Semeni alimwangalia akigeuzageuza ugali kwenye sahani.

"Siku hizi hupigi picha," alimwambia.

"Hakuna cha kupiga."

Semeni aliiondoa sahani.

Ilikuwa desturi kwamba mwenyekiti anamtembelea aliyeumia. Kihwelo aliahirisha mpaka ikawa aibu. Ndipo akabeba sukari na sabuni, akaenda kwa Bi Atupele. Alimkuta ameketi mkekani, mguu umefungwa, amezungukwa na wanawake wenzake waliokuja kumpikia.

Walimpokea vizuri. Walimpa kigoda. Walimshukuru kwa kuja, na mmoja akamlaani Lulandala kwa sauti ya chini. Kihwelo alitazama sakafu.

Alipotaka kuaga, Bi Atupele alimwambia, "Kaka, nina ombi. Siku ile ulikuwa unatupiga video tukiimba. Naomba niuone mpunga wangu. Sikuwahi hata kuutia kwenye kiroba. Nauota, lakini nikiamka nasahau ulikuwa mwingi kiasi gani."

Kihwelo hakuona ubaya. Tangu siku ile hakuwahi kuifungua video hiyo. Aliitafuta, akaiwasha, akampa simu. Wanawake wakasogea, vichwa vikagusana juu ya kioo.

Nyimbo zikakijaza chumba kile. Picha ilikuwa safi ajabu. Makapi yanayoruka yalionekana moja moja. Bi Atupele aligusa kioo mahali mpunga wake ulipokuwa umelala, rangi ya dhahabu, kilima kizima. Machozi yalimtoka lakini alikuwa anatabasamu.

Kisha, ndani ya video, simu ikasikika ikiita.

Na sauti ya mwenyekiti, karibu sana, kama vile amekaa pamoja nao, ikasema: "Huyu Lulandala naye. Wakati gani huu? Asubiri."

Nyimbo zikaendelea. Nyungo zikaendelea kupanda na kushuka.

Kihwelo alinyoosha mkono kuchukua simu, ukabaki hewani. Hakukumbuka kabisa kwamba alisema maneno yale. Alikuwa ameyasema kwa nafsi yake, na simu ilikuwa imeyasikia.

"Irudishe nyuma," Bi Atupele alisema. "Nisikie tena."

Kihwelo hakuweza. Mwanamke mmoja aliyejua simu hizi akairudisha yeye. Wakasikia tena, kila neno, hadi ile pumzi ya kuchoshwa iliyofuata baada ya "asubiri."

Bi Atupele alimrudishia simu yake.

"Sauti imetoka vizuri," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesema jambo aliloliona, na ndiyo maana lilimwingia Kihwelo kuliko tusi. Alitaka kujieleza. Alifungua mdomo aeleze habari za jasho, joto la simu na mnara ulio nyuma ya kilima, akaacha.

"Dada, nisamehe."

"Mimi nimeumia mguu," Bi Atupele alijibu. "Utapona au utabaki hivi, nitajua. Mzee Lulandala ameharibiwa jina. Nenda kwake. Mimi sitasema, na hawa hawatasema. Ila nikiweza kutembea nitakwenda kumsalimia yule mzee, na nikifika kwake sitamdanganya."

Kihwelo alitoka nje, akasahau kofia. Hakuna aliyemkimbilia nayo.

Hakwenda nyumbani. Alipanda njia ya mlimani moja kwa moja, na jua likiwa bado juu akamkuta Mzee Lulandala anafunga uzio wa bustani yake kwa kamba za magome. Mzee alimkaribisha kama mgeni yeyote. Akamletea kigoda, yeye akabaki amechuchumaa na kazi yake.

"Mzee wangu, ulipiga," Kihwelo alisema. "Simu iliita. Niliiona."

"Najua."

"Ya kwanza niliiacha. Ya pili nilipokea, sikukusikia vizuri."

"Hilo nalo najua," mzee alisema, akikaza fundo. "Wewe hukunisikia mimi, lakini mimi nilikusikia. Ulisema haloo, haloo, mzee. Nilisikia na wanawake wakiimba nyuma yako. Nikasema maji, maji, nafungua maji, mpaka ikakatika. Nikajiambia, atakuwa amesikia hata hilo neno moja."

Kihwelo alifunika uso kwa viganja.

"Nililisikia," alisema. Hilo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa Semeni. "Neno moja hilo nililisikia."

Mzee aliacha kamba. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. Inaonekana hakuwa amelitegemea hilo.

"Ulisikia maji."

"Ndiyo."

"Na ukakaa."

"Nikaenda kunywa togwa."

Kuku walipita kati yao wakidonoa.

"Kwa nini hukusema pale mkutanoni?" Kihwelo akauliza. "Kwamba nilipokea, kwamba ulisikia sauti yangu?"

"Nilisema nilipiga. Hilo lilikuwa langu la kusema. La kupokea lilikuwa lako. Nikakuangalia, nikakusubiri uliseme." Mzee aliiokota kamba yake. "Ukawa unafuta simu."

Kihwelo aliona bora angepigwa.

Jumapili iliyofuata aliitisha mkutano yeye mwenyewe. Watu walikuja wakidhani ni habari za mbegu za msaada. Bi Atupele aliletwa kwa mkokoteni. Mzee Lulandala alisimama pembeni, karibu na mlango wa ghala, mbali na watu ambao hawakutaka kusimama naye.

Mwenyekiti hakuanza na salamu ndefu. Alisema simu iliita. Alisema iliita mara mbili. Alisema ya kwanza aliidharau kwa sababu ilimharibia picha, na ya pili alisikia neno maji, akajidanganya. Alisema alilifuta jina la mzee kwenye simu kabla ya mkutano ule. Alipofika hapo walidhani amemaliza. Kisha akasema jambo la mwisho, kwamba alijua tangu zamani kuwa simu ile haisikiki, kila mtu alimwambia, hata mke wake, lakini aliona aibu kushika simu ndogo mbele za watu.

"Niliogopa aibu ndogo," alisema, "nikaja kuipata hii."

Mwanamume aliyeuliza swali siku ya kwanza alitema mate pembeni akaenda zake. Mama mmoja alianza kulia taratibu. Wengine waligeuka kumtazama Lulandala, na hapo wakakutana na aibu yao wenyewe, maana kila mmoja alikumbuka alichosema juu ya mzee yule dukani na kisimani.

Kihwelo alizitoa funguo za mageti, zilizobaki kwake tangu mkutano ule, na kumpelekea mzee kwa mikono miwili. Akasema uenyekiti ameuacha, na kwamba mavuno yake ya shamba la juu, ambayo hayakuwa yameshushwa mtoni siku ile, yatakwenda kwa Bi Atupele, na msimu ujao atamlimia yeye. Kisha akasema mwenyekiti yeyote atakayechaguliwa asiruhusiwe kubeba laini ya banio kwenye simu isiyopokea vizuri, hata kama inaongea Kichina. Hakuna aliyecheka.

Mzee Lulandala alipokea funguo. Alitazama milimani, ambako kulikuwa kumeanza kufunga tena.

"Nakwenda kazini," alisema. Alipopita kati ya watu, walimpisha, na wanaume wawili wazima walivua kofia.

Kihwelo alibaki amesimama. Kiti cha mbele hakikuwa chake tena. Akageuka kutafuta pa kukaa miongoni mwa wakulima. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na walioweza kusogea hawakusogea. Akapita benchi la kwanza, la pili, mikono ikining'inia, kila mtu akitazama mbele kana kwamba hapiti mtu.

Benchi la mwisho kabisa, mwanamke mmoja, wala si ndugu yake, alimpakata mwanawe aliyekuwa amekaa pembeni yake. Hakumkaribisha. Hakumtazama. Ila nafasi ilipatikana.

Kihwelo akakaa.

Funzo: Kabla hujauliza chombo kinafanya mangapi, uliza kama kinafanya lile moja unalolihitaji, na kabla hujaogopa watu watakuonaje, jiulize ni nani anayekuita sasa hivi ukijifanya humsikii.